Bustani Isiyogusa Ardhi

Katarina alikuja kuomba kazi kwenye nyumba yetu ya wageni pale Karatu mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, na jambo la kwanza alilomwambia meneja ni kwamba yeye hagusi ardhi. Anaomba kazi ya bustani, halafu hagusi ardhi! Mimi ndiye niliyekuwa mpishi. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikacheka mpaka meneja akanitazama vibaya.

Meneja, Bwana Wilibrodi, alikuwa mtu wa Rombo na mila za kwetu hakuzijua. Akamuuliza, "Sasa mama, bustani utailima kwa kitu gani? Kwa redio?"

Katarina hakucheka. Alinyoosha kidole barazani, kwenye vile vikapu vya waya vilivyokuwa vinaning'inia vitupu tangu bibi wa Kizungu mwenye shamba la kahawa alipofunga mizigo na kwenda kwao. "Vile," akasema. "Vile naviweza."

Hapo kicheko changu kikaisha, maana mimi ni Mwiraqw na nilikuwa nimeshaelewa.

Kwetu, mtu aliyefiwa na mtoto au mwenzi wake hukaa metimani. Ni kutengwa. Wazee wanasema si adhabu, na mimi sijawahi kuona tofauti. Haingii nyumba za watu, hapiti katikati ya mashamba yao, hachoti maji wanapochota, hatii mkono wala jembe kwenye udongo wa mwingine, mpaka muda wake uishe na wazee wamfungue. Inaogopwa kwamba kifo kilichomgusa kitafuata nyayo zake, kiingie kwenye mazao, kwenye mifugo, kwenye matumbo ya wajawazito. Leo vijana wanasema hayo ni mambo ya kale. Wakati ule hata makatekista walikuwa wanazunguka njia ndefu ili wasikutane na mtu wa namna hiyo.

Katarina alizika watoto wawili wa kiume kwa surua kule Endabash, mmoja akimfuata mwenzake. Kabla muda wake haujaisha, mume wake Hhando akaanguka kutoka juu ya paa akiezeka, akafa. Muda ukaanza upya. Zamani angeukalia nyumbani kwake, maana kila boma lilikuwa peke yake na shamba lake, na jirani ni moshi unaouona kwa mbali. Lakini ikaja Operesheni Vijiji. Nyumba zikapangwa mstari, bomba moja, njia moja, na nani angekubali kupakana mlango kwa mlango na mwanamke mwenye misiba mitatu? Ndugu wa Hhando wakamwambia atafute pa kukaa mpaka watakapomwita. Binti yake Antonia alikuwa kwa bibi yake wakati wa misiba yote, kwa hiyo hakuhesabiwa. Akabaki kwa shemeji wa Katarina, ndugu wa Hhando. Alikuwa bado msichana wa kuchunga ndama.

Padre alimnyunyizia maji ya baraka, akamwambia yuko huru. Katarina alimshukuru sana, akatokea mlango wa pembeni, akaendelea kujitenga. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Padre hana ng'ombe Endabash."

Alitaka kitu kimoja tu duniani: afunguliwe, arudi kukaa na Antonia. Mengine yote aliyafanya ili asiharibu hilo. Alitembea juu ya barabara kuu ya moramu tu, ile inayopanda Ngorongoro, kwa sababu barabara ni ya serikali na hakuna mtu aliyepanda mahindi juu yake. Alikunywa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati lililokuwa nyuma ya chumba cha uani alichopewa alipoajiriwa. Na alilima hewani. Udongo unaoning'inia, alikuwa anasema, haujaungana na udongo wa mtu. Hakuna mzee aliyemfundisha hilo. Ilikuwa hesabu yake mwenyewe.

Udongo na samadi nilimletea mimi kwa ndoo. Wanawake wa kuni walituletea zile ndevu za kijani zinazoota kwenye miti ya msitu kule juu, naye akazitandika ndani ya waya ili udongo usimwagike. Halafu akaanza kuchagua. Mama huyo alikuwa na jicho! Hakutaka ua linalosimama wima. Hilo alisema ni la kaburini. Alitaka linaloinama. Petunia aliipanda ukingoni kabisa, akaikata vichwa ingali changa, nami nikamwambia anaiua, kumbe ndivyo inavyotoa matawi mengi na kujimwaga pembeni. Lobelia, vile vijiua vya bluu vidogo kama punje, aliipenyeza kwenye matundu ya waya ili itokee tumboni mwa kikapu. Kulikuwa na ua moja la rangi ya chungwa lenye majani ya mviringo, ukiyatafuna yanawasha mdomo. Hilo alilinyima samadi kwa makusudi, maana likishiba linatoa majani tu na kusahau maua. "Kama waume wengine," nikamwambia. Siku hiyo alicheka.

Kila mmea mgeni aliufanyia mtihani. Aliulaza juu ya sahani ya udongo mbichi, akausubiri. Mimea mingine inayotambaa ina tabia ya kutoa mizizi kwenye kila pingili. Popote inapogusa udongo inajishika na kuanza maisha mapya. Hiyo aliihukumu kwenda juu, kwenye vikapu vya darini mwa baraza, ikaning'inie mahali isipoweza kugusa chochote. Isiyotoa mizizi aliisifu kama mtoto mwenye adabu.

Mwaka uliofuata Bwana Wilibrodi akadai kitu kingine. Chini ya waridi za yule bibi wa Kizungu udongo ulikuwa mtupu, kila mvua unarukia majani na kuyachafua. Alitaka maua mafupi yafunike ardhi yote. Katarina hakulala vizuri kwa habari hiyo. Mwishowe akaniomba makopo ya mafuta ya kupikia. Akaniagiza nipange mawe bapa kati ya mashina ya waridi, naye akasimama njiani akinielekeza, halafu juu ya kila jiwe nikaweka kopo lenye petunia au lobelia. Baada ya muda maua yakajaa, yakafunika makopo, yakafunika mawe, na mgeni yeyote angeapa kwamba yameota chini. Hayakugusa ardhi hata kidogo. Wazungu walipiga picha. Bwana Wilibrodi akatembea kifua mbele kana kwamba ameyazaa yeye.

Ikaja ile habari ya mpaka wa Kenya kufungwa. Magari ya watalii yaliyokuwa yanatoka Nairobi yakakauka, na mbegu nazo zilikuwa zinatoka huko huko, kwenye vipakiti vya karatasi. Katarina akavuna mbegu za petunia zake mwenyewe, zikatoa ua lililofifia, na zao lililofuata likafifia zaidi. Lobelia ikaoza ikiwa miche kwenye ukungu wa Julai. Kidogo kidogo ikabaki ile mimea tu ambayo haihitaji mbegu, unayokata kipande na kukichomeka. Na mimea ya vipande ndiyo hiyo hiyo inayotoa mizizi kwenye pingili.

Miaka ikaenda hivyo. Antonia akakua, akaolewa palepale Endabash. Mama yake hakuhudhuria, bila shaka. Halafu mwanzoni mwa mwaka mmoja, shemeji wa Katarina alisimama kwenye barabara ya moramu, mbali kidogo, akapaza sauti: wazee wamekaa, wamesema inatosha. Vuli ya mwaka huo ikija njema, watamchinjia kondoo, watamfungua, atarudi nyumbani.

Sijawahi kumwona mtu akifagia chumba kama alivyofagia Katarina siku ile. Alifagia kama anayehama kesho.

Miezi hiyo hiyo Bwana Wilibrodi akapata habari kwamba wakubwa wa mkoa watalala kwetu wakati wa Saba Saba. Akaja mbio bustanini. "Mama Antonia, yale makopo yamebaki na vijiti! Nataka rangi. Nataka ardhi isionekane." Bwana Wilibrodi hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa kujilazimisha. Aliogopa kupoteza kazi, kama sisi wote.

Katarina hakuwa na mbegu ya kitu chochote chenye adabu. Alikuwa na lile jani la zambarau lenye mistari ya fedha, linaloning'inia kama pazia kwenye vikapu vya darini. Lilikuwa zuri kweli, na lilikua haraka kuliko yote. Lilikuwa pia mmea wa kwanza kabisa kushindwa mtihani wa sahani. Alilitazama siku nyingi. Angekataa, angefukuzwa kazi na kupokonywa chumba chake, na angemsubiria wapi Antonia mpaka vuli? Akapiga moyo konde. Akalipanda kwenye makopo, na kila asubuhi alipita na kisu, akiinama kutoka njiani, akikata kila ncha iliyokaribia kushuka chini. Aliniambia, "Siku zangu ni chache, Hyasinta. Nitalishika mkono mpaka vuli."

Mwezi wa tano, katikati ya masika, akashikwa na homa. Alitetemeka chumbani, akaweweseka, akapelekwa kulazwa, na kabla ya kubebwa alinishika gauni akasema neno moja tu: "Kisu."

Nilikwenda na kisu. Bwana Wilibrodi alinikuta nimechuchumaa kati ya waridi. "Unafanya nini? Ndiyo kwanza yameanza kufunika! Weka kisu, rudi jikoni." Nikamweleza. Nikamweleza habari ya metimani, ya mizizi, ya mashamba ya watu, mpaka sauti ikanikauka. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Akachukua kisu changu, akakifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Mvua ikanyesha, jani likanywa, likashuka kutoka kwenye makopo, likajishika ardhini, likatambaa. Chini ya waridi pakawa zulia la zambarau. Meneja mwenyewe akaja kunionyesha, akitabasamu. Lilifika kwenye uzio, likapita chini yake, likaingia shambani kwa jirani yetu Josephati, Mwiraqw mwenzetu, kati ya maharage yake.

Katarina alirudi amekonda, macho yameingia ndani. Alipofika bustanini alisimama njiani, akalifuata lile zulia kwa macho. Halafu akauliza, "Limefika wapi?" Nikamwonyesha uzio. Alikaa chini pale pale, juu ya saruji ya njia, akafunika uso kwa khanga.

Nililing'oa lote, mimi na mke wa mlinzi, nalo halikung'oka kirahisi. Ukikata, kila kipande kinabaki na pingili, na kila pingili ina nywele za mizizi. Wakubwa walikuja Saba Saba wakakuta udongo mtupu, wakanywa bia, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini. Bwana Wilibrodi alininunia kwa majuma. Anune tu!

Josephati alivuna maharage, akaona lile jani la rangi. Alijua limetoka wapi. Karatu nzima ilijua maua ya Katarina na kwa nini yananing'inia. Hakuja kwetu kulalamika. Alilichokoa kwa mti mrefu, akalichoma moto, akaendelea na shughuli zake. Nikaanza kuamini kwamba limepita.

Ikaja vuli, yaani haikuja. Mawingu yalikaa juu ya msitu wa Ngorongoro kila alasiri, yakatutazama, yakaenda zao. Mahindi yaliyochipua yakakunjamana. Kule Olbalbal, Wamasai walianza kuhama na ng'ombe waliokuwa mifupa mitupu, na wengine walipita kwetu barabarani. Ukame huo ulikuwa wa nchi nzima, redio ilisema kila jioni. Lakini mke wa Josephati ni mzaliwa wa Endabash, na siku ya mnada alikutana na ndugu zake. Hakutia chumvi. Alisema tu alichokiona: mizizi ya Katarina imeingia ardhini, imepita uzio, imeingia shambani kwao. Ndugu wakatazama mbinguni, wakatazama mashamba yao, wakajumlisha.

Tulimtarajia shemeji wa Katarina aje kutoa habari. Aliyekuja ni Antonia.

Alisimama kwenye geti la nyuma, adhuhuri, jua kali. Sikumtambua mpaka nilipoona paji la uso la mama yake. Tumbo lilikuwa kubwa. Katarina alikuwa anamwagilia vikapu. Aliona, akaweka kopo la maji chini taratibu, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Shikamoo, Aayo," Antonia akasema. Aayo ndiyo mama kwa lugha yetu.

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo."

"Wazee wamesema vuli imeharibika. Wamesema ungoje tena."

"Najua."

Antonia alikuwa ameshika nguzo ya geti kwa mikono miwili. "Lakini sikuja kwa ajili yao, Aayo. Hawakunituma. Nimekuja mwenyewe kukuomba. Nikijifungua, usije. Hata ukisikia ninaumwa, usije. Naogopa."

Mimi nilifungua mdomo, na namshukuru Mungu kwamba hakuna kilichotoka. Ningemtukana msichana yule, mwenye mimba, amekuja kwa miguu kutoka Endabash. Katarina alikuwa anatazama lile tumbo.

"Anacheza?"

"Anacheza sana."

"Vizuri. Umefanya vizuri kuja kuniambia." Halafu akanigeukia. "Hyasinta, mpitishe jikoni, umpe chai. Akitoka, atokee mlango wako wa mbele. Mimi sijawahi kukanyaga huko."

Nilimpa chai, nikampa na viazi, akala akilia, na mimi nilikuwa na hasira hata na kikombe alichoshika. Alipoondoka, nilimkuta Katarina amesimama pale pale juani. Hakuwa amesogea, asije akakanyaga alipokanyaga mtoto wake.

Antonia akajifungua msichana. Habari tulizipata mnadani. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza, kwa niaba ya bibi yake aliyesimama barabarani akinisubiri. Ana nywele nyingi. Amekaa. Ametambaa. Amesema neno. Katarina alizipokea habari hizo akazirudia peke yake akiwa kazini, na hakuomba kumwona. Alikuwa mkali kuliko wazee. Watu wa Endabash walipopita barabarani kuelekea Karatu, alijifungia chumbani mpaka vumbi lao litulie. Vikapu vyake vilikuwa vizuri kupita wakati wowote, ingawa hapakuwa na mtu wa kuvitazama. Nyumba ilikuwa na mgeni mmoja mmoja, na juma zima lingeweza kupita vitanda vikiwa vimetandikwa bure.

Masika ya mwaka wa pili baada ya ukame ule yakawa mema. Watu walivuna, wakapika pombe. Hakuna aliyekuja kusema kwamba basi, kumbe halikuwa jani la Katarina. Na baada ya mavuno, mtoto wa Antonia akashikwa na surua, akafa.

Nataka hili lieleweke. Katarina hakuwa amemgusa mtoto yule. Hakuwa amemwona. Hakukanyaga Endabash, hakunywa maji yao, hakutuma hata kipande cha nguo. Alifanya kila alichoombwa, na mtoto akafa.

Antonia alikuja siku chache baada ya maziko, kichwa kimenyolewa, kifurushi kimoja mkononi. Mume wake alibaki kwa mama yake mzazi, aliyekubali kumficha yeye peke yake. Ndivyo ilivyo, sasa Antonia ndiye aliyekuwa metimani, na katika ule mstari wa nyumba hapakuwa na mlango kwa ajili yake. Hakusimama getini safari hii. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha mama yake, na Katarina hakumzuia, kwa sababu aliyetengwa haogopwi na aliyetengwa. Hawakuwa na kitu tena cha kuharibiana.

Niliwasikia wakilia mle ndani. Katarina alikuwa amempata binti yake, kile alichokiomba miaka yote ile, na alikipokea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku za homa.

Baadaye alitoka kuja kuniomba unga. Nami nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Sasa umeona, dada? Hukumkaribia, na amekufa hivyo hivyo. Hukuwa wewe. Hukuwa wewe tangu mwanzo."

Alinishika mkono. Miaka yote tuliyokaa pamoja hakuwa amewahi kugusa ngozi yangu.

"Usiseme hivyo, Hyasinta. Nakuomba. Kama haikuwa mimi, basi nilimwacha mwanangu bure."

Nilifungua debe. Nilimpimia unga, akaondoka nao, nami nikarudi kuchochea moto uliokuwa unataka kuzimika.